Gemu hukuambia ulishindwa wapi. Bunge na kanisa je?

Stima ilipotea dakika ya 87.

Ilikuwa Alhamisi usiku katika banda la PS ninalosimamia huku Umoja, watu wamejazana hadi mlangoni. Jamaa mmoja alikuwa anaongoza 2-1. Mpinzani wake alikuwa amepata kona na tayari amesimama, si unajua vile mtu husimama akinusa bao. Halafu giza. Ukutani, kwa makapeni nyekundu, sheria namba nne ilikuwa wazi: stima ikipotea, mechi inarudiwa. Aliyekuwa anaongoza akasema huo ni wizi. Mwenye kona akasema sheria ni sheria. Tulibishana kwa mwanga wa tochi za simu kama dakika kumi, kila mtu akitoa maoni, hata kijana wa Gredi ya Sita ambaye saa hiyo alifaa kuwa kwao amelala.

Tukakubaliana hivi. Mechi ya usiku ule irudiwe, kwa sababu ndivyo sheria ilivyosema wakati mechi ilipoanza. Lakini kuanzia kesho yake, stima ikipotea baada ya dakika ya 80, anayeongoza ameshinda. Mwenye banda akafuta ya zamani, akaandika mpya, akaweka na tarehe kando. Stima iliporudi, yule wa 2-1 akarudia mechi, akafungwa, akatoka akilaani ukoo wa kila mtu. Kesho yake saa nane mchana alikuwa mlangoni na ishirini yake mkononi.

Kwa nini alirudi? Hilo swali limenisumbua. Huyo huyo jamaa ana miaka 24, hajawahi kujiandikisha kupiga kura, na kanisani aliacha kuenda zamani. Siasa ilimshinda, dini ikamshinda, lakini banda la mabati lililomnyima ushindi wake halali dakika ya 87 analirudia kila siku. Ukimuuliza atakwambia ni uraibu. Mimi nadhani ni kitu kingine. Kwa banda alijua ameshindwa kwa nini.

Sisemi wachezaji gemu ni malaika. Ningekuwa na shilingi kwa kila tusi ninalosikia hapa ningekuwa nimelipa karo yangu yote. Ninachosema ni kwamba gemu nzuri ina tabia moja ambayo wanasiasa na viongozi wetu wa dini wengi hawana: ukishindwa, inakuonyesha mahali uliposhindwa, na aliyeitengeneza akikosea, anaandika mahali alipokosea.

Cheki mechi ya kawaida ya FC. Kabla hujatupa pedi, skrini inakuletea hesabu: ulipiga mashuti mangapi, ulimiliki mpira asilimia ngapi, pasi ngapi zilifika. Bao unalirudisha nyuma na kumtazama beki wako amesimama kama mti wa Uhuru Park. Ama chukua zile gemu ngumu za kampuni ya Kijapani ya FromSoftware, Dark Souls ya 2011 na Elden Ring ya 2022. Hizo zinakuua mara mia. Lakini kila adui mkubwa ana dalili yake, labda huinua bega kabla ya kupiga, na huliinua kila mara. Ukifa ni kwa sababu hukuangalia bega. Ukifa tena, pia ni bega. Mara ya arobaini unaliona, unaruka, na unapiga nduru hadi jirani anagonga ukuta. Hakuna aliyekupunguzia ugumu, ila hakuna aliyekudanganya.

Sasa linganisha na hii. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilimshinda mathe, nami nikajaza fomu ya basari katika ofisi fulani mara tatu, mihula mitatu. Nilibeba barua ya chifu, nakala ya kitambulisho cha mathe, cheti cha kifo cha baba. Jibu la mara ya kwanza: inashughulikiwa. La pili: inashughulikiwa. La tatu, dada wa dirishani alikuwa amebadilishwa na aliyekuja hakuwa anajua kuna fomu. Hadi leo sijui nilikosea wapi. Je, alama zangu zilikuwa chini? Kuna karatasi ilikosa muhuri? Au pesa ziliisha kabla ya jina langu? Kushindwa ningevumilia. Kilichoniuma ni kwamba hata nikitaka kujaribu mara ya nne, sina bega la kuangalia.

Hiyo ndiyo siasa yetu kwa kijana wa kawaida. Tunachukuliwa kama NPC, wale wahusika wa gemu wanaosimama kando ya barabara wakirudia mstari mmoja. Mchezaji anawasogelea akiwa na shida yake, anabonyeza, anapata anachotaka, anaenda. Kila miaka mitano msafara unasimama stejini, tunabonyezwa, tunaimba, tunapewa ya soda, gari linaondoka.

Mwaka 2024 NPC walianza kusoma. Sote tunakumbuka. Mswada wa Fedha ulikuja na ushuru wa thamani wa asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 kwa magari, kati ya mengine mengi. Vijana wakaupakua, wakauchambua kwenye X na TikTok, wakautafsiri hadi kwa Sheng na lugha za nyumbani. Wachezaji gemu tunaijua hiyo kazi. Gemu ikipata apdeti, kampuni hutoa orodha ya marekebisho: bunduki hii tumeipunguzia nguvu, ramani ile tumeziba shimo, hitilafu ya juzi tumeiondoa. Watu husoma hiyo orodha usiku wa manane kama wanaosomea mtihani, na kampuni ikificha badiliko moja, kufikia asubuhi kuna video inaonyesha. Vijana walipoushika Mswada wa Fedha walikuwa wanasoma orodha ya marekebisho ya nchi yao.

Serikali ilifanya nini? Juni 18 iliondoa ushuru wa mkate na wa magari. Juni 25 Bunge likaupitisha uliobaki, kura 195 dhidi ya 106. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini. Julai 11 akavunja Baraza la Mawaziri, akabakisha Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi, na kabla mwezi kuisha baadhi ya majina yaleyale, akina Kithure Kindiki na Aden Duale, yakarudi kwenye orodha. Kwa gemu tunaita hiyo kubadilisha nguo za mhusika: rangi mpya, nguvu zilezile. Halafu Desemba 11 ikatiwa saini Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Ushuru, na ndani yake baadhi ya mapendekezo ya ule mswada uliokufa yalikuwa yamefufuka.

Pengine mengine yalifaa kufufuka. Sijui uchumi kiasi cha kubisha, na nchi inahitaji ushuru, hilo hata mathe analijua. Lakini hakuna aliyesimama na kusema: hiki tulikosea, hiki hatukukosea, hiki tunakirudisha kwa sababu hizi, hiki tumekifuta kabisa. Orodha fupi tu. Badala yake tulipata hotuba. Hotuba si orodha ya marekebisho, manze. Hotuba haina tarehe kando.

Lakini siasa yetu iliwahi kufanya jambo la kigemu kabisa, na likafanya kazi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais, na moja ya mambo yaliyoiudhi ni kwamba tume ilikataa kufungua seva zake jinsi ilivyoamriwa. Mwaka 2022 IEBC ikaja na njia tofauti: fomu 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti, mtu yeyote apakue na kujumlisha mwenyewe. Hapa bandani tuliacha PS siku mbili. Wasee walikuwa wanafungua fomu za kijiji cha nyanya zao na kutazama mwandiko wa msimamizi wa kituo. Ilikuwa kama kutazama bao likirudiwa pole pole. Hesabu ilipotangazwa, makamishna 4 kati ya 7 walijitenga nayo, na kesi ikaenda Mahakama ya Juu, ambayo Septemba 5 iliidhinisha matokeo. Wengi hapa walikuwa upande ulioshindwa. Walinung'unika, wengine hadi leo wananung'unika. Lakini ule ubishi ulikuwa juu ya karatasi zilizo mbele ya kila mtu, na mtu akidai wizi, aliambiwa: leta fomu. Hicho kitu kidogo, leta fomu, kilifanya kazi ambayo mahubiri yote ya amani hayakuwahi kufanya.

Kwa hivyo inawezekana. Ndiyo maana naudhika nikiambiwa Wakenya hawana nidhamu ya kushindwa. Wakenya hushindwa kila jioni kwa shilingi 20 na kupeana pedi.

Kuna hadithi mbili za gemu ambazo ningependa kila mgombea azisome kabla ya Agosti 10, 2027. Ya kwanza ni ya No Man's Sky. Kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games, iliahidi ulimwengu mzima: sayari zisizohesabika, mambo ya ajabu. Gemu ikatoka Agosti 2016 na mengi ya yaliyoahidiwa hayakuwemo. Watu waliwaka. Mkuu wao, Sean Murray, alikuwa mtu wa kuongea hadi kwenye runinga. Akanyamaza. Kwa miezi hakusema kitu. Halafu zikaanza kuja apdeti, moja baada ya nyingine, mwaka baada ya mwaka, bila kumdai mnunuzi hata senti. Kitu kimoja kimoja kilichoahidiwa kikaingia, kisha vikaingia ambavyo havikuwa vimeahidiwa. Leo ile gemu inasifiwa na walewale walioitukana. Angalia mpangilio: alipoharibu, alipunguza kuongea akaongeza kazi. Nitajie mwanasiasa mmoja wa hapa aliyewahi kufuata mpangilio huo. Nitangoja.

Ya pili ni ya Cyberpunk 2077. Ilitoka Desemba 2020 ikiwa imevunjikavunjika, hasa kwa mashine za zamani. Ndani ya siku chache wakubwa wa kampuni hiyo ya Poland waliomba radhi hadharani, Sony ikaitoa kwenye duka lake la mtandaoni na kukubali kurudishia wanunuzi pesa. Ilirudi dukani Juni 2021.

Kurudishiwa pesa! Sisi tuna kifungu cha kurudisha mbunge nyumbani, Ibara ya 104 ya Katiba ya 2010. Lakini sheria iliyotungwa na wabunge kutekeleza kifungu hicho ilikuwa na masharti yaliyofanya zoezi lenyewe kuwa kama kupita tundu la sindano, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikafuta sehemu zake. Hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kurudishwa kwa njia hiyo. Wenye duka ndio walioandika sheria za kurudisha bidhaa, unatarajia nini.

Naomba sasa tuingie kanisani, na nitaingia pole pole kwa sababu mathe husoma hivi vitu.

Mwaka ule wa chuo, alikuwa na shilingi elfu nane za awamu ya kwanza ya karo. Kanisani kukawa na wiki ya kupanda mbegu. Aliambiwa, kama walivyoambiwa wote, kwamba anayetaka mlango ufunguke apande kile kinachomuuma. Akapanda ile elfu nane. Sikumlaumu wakati huo na simlaumu sasa. Ukiwa umefukuzwa na kila dirisha, mlango wowote unaoahidi kufunguka ni mlango. Haukufunguka. Aliporudi kuuliza, kwa adabu zake zote, aliambiwa huenda alipanda kwa mashaka. Imani yake ilikuwa ndogo.

Nataka ulitazame jibu hilo kama mchezaji gemu. Ukishinda, sifa ni za mtumishi. Ukishindwa, kosa ni lako. Kosa lenyewe liko moyoni mwako, mahali ambapo hakuna skrini inayoweza kulionyesha, kwa hivyo huwezi kulirekebisha wala kuthibitisha kwamba halipo. Kuna dawa moja tu ya kujaribu tena: kupanda nyingine. Gemu ya aina hii ikiletwa bandani, haimalizi wiki. Vijana wataitupa, si kwa sababu ni ngumu bali kwa sababu haina bega.

Na mwisho wa njia hiyo tuliuona Shakahola, kaunti ya Kilifi, mwaka 2023. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule, watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Paul Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani. Najua wengi watasema Shakahola na mbegu ya elfu nane ni mbingu na ardhi, na ni kweli. Ninachoona ni kwamba vyote viwili vinaanza mahali pamoja: muumini anakatazwa kuuliza mbona haifanyi kazi.

Elden Ring ina kitu ambacho ningependa kukiona makanisani. Wachezaji huachiana ujumbe chini, kila mmoja katika ulimwengu wake lakini ujumbe unaonekana kwa wengine. Mbele kuna shimo. Jihadhari na kushoto. Wengine ni waongo, wanakuambia ruka, kuna hazina chini, unaruka unakufa. Lakini kila ujumbe unaweza kuupa alama, mzuri au mbaya. Sasa fikiria manabii wetu wa mwaka mpya. Kila Desemba 31 wanatangaza nani atakufa, nani atashinda, mvua itanyesha lini. Januari ya mwaka unaofuata hakuna anayewauliza. Hebu tungekuwa na ubao mmoja tu, hata wa mbao, pale mlangoni: alichotabiri mwaka jana, kilichotokea. Wengi wangestaafu.

Si dini zote ziko hivyo, na hapa sharti niwe wa haki. Mteja wetu mmoja, Mwislamu wa Eastleigh, alinisikiza nikilalamika akaniuliza kama najua zaka inaenda wapi. Sikujua. Akanihesabia kwa vidole: Kurani inataja makundi manane, kuanzia maskini, wenye madeni, hadi msafiri aliyekwama, na kiwango cha mali ya akiba kinajulikana, asilimia 2.5. Haijalishi imamu ana gari gani. Unaweza kubishana kama pesa zimefika, lakini huwezi kubishana zilifaa kufika wapi, imeandikwa. Nikamwambia hiyo ni sheria ya ukutani. Akasema ni ya zamani kidogo kuliko banda lenu.

Na upande wa makanisa makubwa kuna waliojaribu. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alikataza wanasiasa kuhutubia wakati wa ibada. Julai 2024, baada ya vijana kuanza kuyakemea makanisa yanayopokea magunia ya pesa, Rais mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki michango ya harambee. Kufikia Novemba alikuwa katika kanisa la Kikatoliki la Soweto, Nairobi, akitoa mamilioni. Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likasema pesa hizo zirudishwe. Zirudishwe! Ni hapa mtaani tu, Kayole si mbali na sisi, na nakumbuka wasee wakisoma habari hiyo kwa simu na mmoja wao, ambaye hajaingia kanisani tangu kipaimara, akasema taratibu, "Hawa angalau wamejua kuna foul." Sikuona mtu akirudi kanisani kwa sababu ya tangazo hilo. Lakini niliona heshima, na heshima huku kwetu ni ngumu kupata kuliko sadaka.

Kuna upande mwingine nisipousema nitakuwa nimewadanganya. Gemu nazo zina uchafu wake, na naogopa kwamba huo ndio wanasiasa na wahubiri wamejifunza kwanza. Kuna kitu kinaitwa boksi la bahati: unalipa pesa halisi, unafungua, hujui utapata Mbappé au beki wa akiba. Ubelgiji mwaka 2018 ilisema hiyo ni kamari, na EA ikaacha kuuza pointi za FIFA huko. Kila ninaposikia "panda mbegu" nasikia boksi linafunguliwa. Kila mwanasiasa akirusha noti hewani watu wakanyagane, hilo ni boksi. Na Aviator, ambayo imemaliza vijana wengi wa hapa kuliko pombe, mimi hiyo siiti gemu. Gemu hukufundisha kitu ukishindwa. Ile ndege inakufundisha nini?

Lakini hata hapo wachezaji walionyesha njia. Novemba 2017 EA ilitaka kuuza Star Wars Battlefront II ikiwa na maboksi ambayo mwenye pesa angepata nguvu na asiye nazo asote. Wachezaji waliisoma hesabu, wakapiga kelele dunia nzima, wengine wakakataa kununua. Siku moja kabla ya gemu kutoka rasmi, kampuni ilizima mauzo hayo. Walikuwa na kitu ambacho muumini na mpiga kura wetu hukisahau: uwezo wa kukataa kulipa.

Na sasa vifaa vyenyewe vya gemu vimeanza kuingia katika siasa. Septemba 2025 vijana wa Nepal waliwang'oa wakubwa wao baada ya serikali kufunga mitandao ya kijamii. Waziri Mkuu alipojiuzulu, maelfu waliingia Discord, programu iliyotengenezwa ili watu waongee wakicheza gemu, wakajadiliana humo nani ashike usukani kwa muda. Jina lililoibuka ni la aliyekuwa Jaji Mkuu, Sushila Karki, na Septemba 12 akaapishwa. Vijana wa hapa walishangilia. Mimi nilishangilia nusu. Kwenye Discord yeyote anaweza kuingia, hata aliye nje ya nchi, hata mwenye akaunti tano, na nyanya yangu wa Mbooni hana Discord. Banda letu lina sheria nzuri lakini lina watu thelathini, na wote wana miguu ya kutembea hadi lingine. Nchi huwezi kuitoka kama banda.

Na kuna kikomo kingine, ambacho kila nikiandika kuhusu gemu na siasa kidole changu kinasita. Juni 25, 2024, mmoja wa wateja wetu wa kila siku alirudi kutoka tao akichechemea, na bado anachechemea. Alikuwa na bahati. Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa katika maandamano yale. Bandani ukifa unahesabiwa sekunde tatu, unaamka, unaokota bunduki. Kwa wiki kadhaa baadaye hakuna aliyetaka kucheza gemu za bunduki. Hakuna aliyetangaza, hakuna aliyeandika ukutani. Zilikaa tu kwenye rafu, tukacheza mpira.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani chama cha mathe kilipokuwa kikikutana. Wanawake kumi na wanane, wengi wao wa kanisa lilelile la mbegu. Katibu akafungua daftari la kaunta na kusoma kwa sauti: nani ametoa, nani hajatoa, nani alichelewa na faini yake ni hamsini, mkopo wa nani umebaki kiasi gani. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na faini. Akalipa papo hapo, wakacheka. Kisha wakabishana kuhusu sheria ya waliofiwa, wakaibadilisha, katibu akaandika na kuweka tarehe kando.

Walipoondoka nikamuuliza mathe, nikijaribu kutochokoza, mbona wana daftari linalosomwa hadharani kila mwezi, na kule kanisani, watu walewale, mfuko wa ujenzi haujawahi kusomwa tangu nikiwa darasa la tatu.

Alikuwa anafunga leso, anaelekea mazoezi ya kwaya. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu.

"Si hizo za chama ni zetu," akasema, akatoka.